Huyo anayezama kwa mkia ni samaki: kuhusu mkunga wa matope na kidole kilichovimba

"Shikamoo mtaalamu. Mimi nachimba minyoo ya chambo kwenye matope ya mikokoni, delta ya Rufiji. Wiki iliyopita maji yakiwa yamekupwa nilifukua kitu kama nyoka, urefu wa mkono mzima, rangi ya udongo, tumbo njano hafifu. Kilichonishangaza, hakukimbia kwenda mbele. Alichomeka mkia kwenye tope akapotea kinyumenyume. Juzi mdogo wangu alikuwa anachokora tundu la kaa, akaumwa kidole na mnyama huyohuyo. Damu ilitoka nyingi na leo kidole kimevimba. Wazee wanasema ni nyoka wa bahari na sumu yake iko mkiani. Wengine wanasema ni mkunga tu, analiwa. Sisi pia tunanenepesha kaa, na kuna kaa wametupotea kwenye vizimba. Je, tumuue kila tukimwona?"

Marahaba, na mpe pole mdogo wako. Nitajibu yote uliyouliza, ila kidole kitangulie, maana katika maelezo yako hicho ndicho kisichoweza kusubiri.

Kidole kilichoumwa juzi na leo kimevimba kinatakiwa kionwe na mhudumu wa afya leo hii. Sababu si sumu, kwani mnyama uliyemweleza hana sumu kwenye meno yake. Sababu ni kwamba meno yametoboa ngozi ndani ya tope, na tope la mikokoni limejaa bakteria wanaostawi kwenye maji chumvi yenye joto. Kano za vidole hupita ndani ya ala nyembamba, na uchafu ukiingia humo husafiri hadi kiganjani huku kwa nje ukiona uvimbe mdogo tu. Mwambie akunjue kidole taratibu. Ikiwa hawezi kukinyoosha, au maumivu yanafuata urefu wote wa kidole upande wa kiganja, au kuna wekundu unaopanda mkononi, usaha, homa au tezi za kwapani zimeuma, asiishie zahanati. Aende hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kisukari au ugonjwa wa ini asisubiri hata uvimbe, kwa sababu kwake maambukizi ya maji ya bahari huenda kwa kasi. Aulizwe pia alichomwa lini chanjo ya pepopunda. Kwa jeraha chafu kama hili, ikiwa miaka mitano imepita au hakumbuki, atahitaji kuchomwa tena.

Asipakwe mafuta ya taa, majivu, dawa ya meno wala tope "la kuvuta sumu". Asichanjwe kwa wembe wala kufungwa kamba ya kubana mkono. Na kama kuna mtu ameshaziba jeraha kwa gundi au plasta ngumu, ifunguliwe, maana tundu la jino lililozibwa juu huoza ndani.

Siku nyingine mtu akiumwa, kitu cha kwanza asivute mkono kwa nguvu. Ni vigumu kujizuia, najua, lakini mikunga wengi wakishikilia windo hujizungusha mwili mzima ili kunyofoa kipande. Ukivuta naye akajizungusha, tundu dogo linakuwa mchaniko. Weka mkono pamoja na samaki ndani ya maji na utulie. Mara nyingi huachia mwenyewe. Akigoma, mbanue taya kwa kijiti pembeni mwa mdomo. Vua pete kabla kidole hakijavimba, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni kwa robo saa nzima, funika kwa kitambaa safi bila kukaza, kisha uinue mkono juu ya usawa wa moyo.

Sasa tuje kwa mnyama mwenyewe. Rangi ya udongo, tumbo njano hafifu, hana mistari wala madoa, anaishi kwenye matope ya mdomo wa mto, na anazama kwa mkia. Maelezo yako yanamlenga mkunga wa matope, kitaalamu *Pisodonophis boro*. Ana ndugu yake wa karibu mno, *Pisodonophis cancrivorus*, naye yuko mwambao wetu. Wote wawili hufikia kama mita moja, na wote ni wa ile familia ya mikunga wenye umbo la nyoka, ambao wengi wao huishi wamejizika. Huyu wa kwanza alielezwa kisayansi mwaka 1822 na Francis Hamilton, kutoka midomo ya mito ya Bengal. Makazi yake yanaanzia pwani ya Afrika Mashariki na Kusini, yanazunguka Bahari ya Hindi na kufika Asia ya Kusini-Mashariki na Australia kaskazini. Huvumilia maji chumvi, maji ya mchanganyiko na hata maji baridi. Huko Asia hupanda mito hadi kwenye majaruba ya mpunga.

Kwa hiyo ni samaki kamili, mwenye matamvua na mapezi. Kinachowadanganya watu ni kwamba alama za usamaki kwake zimepunguzwa au kufichwa. Magamba hana kabisa. Ngozi yake ni laini na ina ute mwingi. Pezi la mgongoni lipo, ila ni utepe mwembamba unaolala akitolewa majini. Mpitishe kidole kutoka mkiani kuelekea kichwani nalo litasimama. Nyuma kidogo ya kichwa, kila upande, kuna kipezi kidogo cha kifuani na mpasuko wa tamvua. Angalia pia mdomo wa juu: pua za mbele ni vijibomba viwili vifupi vinavyoning'inia kuelekea chini. Nyoka hana kimojawapo cha hivyo. Nyoka ana magamba makavu, hana pezi popote, na hutoa ulimi wenye panda.

Kuhusu nyoka wa bahari, wazee wako hawajabuni, yupo. Lakini mwambao wetu wa Afrika Mashariki una wa aina moja tu, *Hydrophis platurus*, mweusi mgongoni na njano tumboni, mwenye mkia bapa mfano wa kasia, mara nyingi wenye mabaka. Nadhani hiyo njano ya tumbo ndiyo inayochanganya watu. Huyo ni wa maji makuu. Huelea na mikondo na hupumua hewa kwa pafu, kwa hiyo hawezi kuishi amezikwa kwenye tope la mikokoni. Ukimkuta nchi kavu ujue ametupwa na mawimbi. Huyo usimguse hata akionekana amekufa. Sumu yake ni kali ingawa kuumwa kwenyewe pengine hakuumi sana, na dalili huweza kuchelewa kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa: misuli kuuma na kukakamaa, kope kulegea, kumeza kwa shida, mkojo kuwa mweusi. Aliyeumwa naye afungwe bendeji pana kiungo kizima, kiungo kitulizwe kwa kipande cha ubao, asitembee, akimbizwe hospitali yenye uwezo wa kumsaidia kupumua. Mdogo wako ameshapita siku mbili na tatizo liko kidoleni peke yake. Hiyo si picha ya sumu ya nyoka.

Niongeze mmoja ambaye wachokoaji wa pweza hukutana naye kwenye majani ya bahari na mchanga wa mwambani: mweupe mwenye pete nyeusi mwili mzima. Huyo ni *Myrichthys colubrinus*, naye mkunga, naye hana sumu. Amevaa sura ya nyoka wa pete wa bahari za Asia, nyoka ambaye huku kwetu hayupo kabisa. Wengi huuawa kwa ajili ya mavazi hayo tu.

Mkia sasa. Hapa pana jambo la kupendeza kweli, na ndipo penye asili ya hofu yenu. Mikunga wengine, kama wale wa mtoni, pezi la mgongo huzunguka ncha ya mkia likaungana na la tumboni. Mkunga wa matope hana hilo. Mapezi yanakoma kabla ya mwisho, na mifupa ya ncha ya mkia imefupika na kuungana ikawa kichokoo kigumu kilichofunikwa ngozi nene. Ukimshika, ncha hiyo hukuchoma kiganja, na mtu akihisi kuchomwa huamini kuna mwiba wa sumu. Hakuna tezi ya sumu pale. Ni chombo cha kuchimbia. Samaki huchomeka ncha kwenye tope, hupitisha mawimbi ya misuli mwilini, ncha inatafuta njia na mwili unafuata, ute ukipunguza msuguano, na kwa sekunde chache amepotea. Kichwa chake nacho kimechongoka na fuvu lake ni imara, kwa hiyo akitaka huweza kuchimba hata kwa kutanguliza kichwa. Wachimbaji wa pande zote mbili namna hii ni wachache miongoni mwa mikunga.

Faida ya kuingia kinyumenyume utaielewa ukifikiria hewa. Tope la mikokoni, ukishapita tabaka jembamba la juu, ni jeusi na linanuka yai viza. Pale chini oksijeni hakuna. Samaki anayepumua kwa matamvua akizika kichwa muda mrefu atakufa. Akiingia kwa mkia, ncha ya pua hubaki kwenye usawa wa tope, akavuta maji kwa mdomo na kuyatoa kwenye matamvua huku mwili wote ukiwa umefichwa. Tatizo linalobaki ni uzito wa tope kukandamiza shingo. Ndiyo maana chini ya koo ana vijifupa vingi vyembamba vilivyopandana na kusukwa mfano wa tenga, vinavyokinga chumba cha matamvua kisibonyee. Macho nayo ni madogo, yako mbele juu ya taya, na yamefunikwa na ngozi. Kwa windo hutegemea zaidi harufu na mtikisiko wa maji.

Kwa hiyo maji yakikupwa anakaa tunduni, na usiku au maji yakipanda anatoka, au anabaki palepale akisubiri kinachopita mbele ya mdomo. Chakula chake ni kaa wadogo, kamba na samaki wadogo. Meno yake ni butu, ya punje punje, yamepangwa kwa safu nyingi. Yanafaa kushikilia na kuponda gamba kuliko kukata. Kidole kilichotoka damu nyingi kimenieleza kuwa palikuwa na kuvutana.

Wewe unayechimba, jifunze kulisoma tope kabla ya jembe. Tundu la kaa mkubwa wa mikokoni ni pana na limelala bapa, mdomo wake mara nyingi una nyayo na udongo uliosukumwa nje. Tundu la kaa wadogo limezungukwa na vidonge vya tope. La mkunga ni la mviringo, unene wa kidole gumba au mpini wa jembe, limejaa maji hadi juu, halina vidonge wala rundo. Ukisimama bila kutikisa ardhi unaweza kuona maji yakicheza pale mdomoni, kwa sababu mwenyewe anapumua. Tundu la namna hiyo pita mbali, sogea hatua mbili tatu uchimbe kwingine. Lakini alama hizi si kinga kamili, maana mkunga huingia pia kwenye tundu la kaa lililoachwa, na hapo ndipo mdogo wako aliponaswa. Kwenye tundu lolote, mti au kulabu itangulie, mkono usitangulie kamwe, na glovu nene za mpira zivaliwe. Ukimaliza kuchimba fukia shimo. Shimo lililoachwa wazi linaanika mizizi ya mikoko na kuua minyoo midogo ambayo ungeikuta mwezi ujao.

Na kama kuna samaki wa umbo hili anayestahili hofu mikokoni, si mkunga. Ni yule kambare wa bahari mweusi au kahawia, mwenye ndevu nane mdomoni na mistari miwili myembamba myeupe ubavuni, *Plotosus lineatus*. Mwili wake unachongoka kwenda nyuma kama wa mkunga, na wadogo hutembea wamesongamana tufe zima. Huyu ana miiba mitatu yenye sumu, mmoja mgongoni na miwili kwenye mapezi ya kifuani, na maumivu yake ni makali sana. Akikuchoma, tumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, kama nyuzi 45 hivi, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Yajaribu kwanza kwa mkono usiochomwa, kwani uliochomwa hausikii vizuri na unaweza kuungua. Kisha nenda kituo cha afya, hasa kama ncha ya mwiba imebaki ndani. Maji ya moto ni kwa mwiba wa kambare tu. Kwa meno ya mkunga hayana kazi.

Umeuliza mumuue. Hapana. Akiwa tunduni hamfuati mtu. Huuma akishikwa, akikanyagwa au mkono ukiingizwa mdomoni mwake. Matundu yake pia hupitisha maji yenye oksijeni ndani ya tope ambalo lingekuwa limekufa. Na msithubutu kumwaga utupa wala dawa yoyote kwenye matundu. Mbali na kwamba sheria ya uvuvi inakataza sumu, itaua vifaranga wa kamba na kaa mnaowategemea, na mkunga mwenyewe atatokea tope la pili.

Kuhusu kaa wenu, nitakuwa mkweli: mkunga ni mshukiwa, lakini si wa kwanza. Kaa wa mikokoni mgumu wa nusu kilo hawezi kuliwa na mkunga wa unene huo. Aliye hatarini ni kaa mdogo, au yule aliyejivua gamba na bado ni laini. Ila hata huyo laini, adui yake mkubwa ni kaa mwenzake. Kagueni kizimba asubuhi. Mkikuta vipande vya miguu na gamba la mgongo limepasuliwa, na ndani kulikuwa na kaa zaidi ya mmoja, wamelana. Mkikuta mtaro chini ya fito, kaa amechimba akatoka. Kizimba kitupu kisicho na kipande chochote, mfuniko haujakaa sawa, ni mkono wa mtu au kaa kapanda. Mkunga mtamshuku pale kaa laini anapopotea usiku kwenye kizimba kisicho na sakafu, na kuna tundu la mviringo ndani yake.

Dawa ya yote hayo inafanana. Kila kaa akae chumba chake. Nafasi kati ya fito isipitishe kidole, kwa sababu kichwa kilichochongoka kikipita mwili wote unapita. Kizimba cha fito zilizosimikwa kwenye tope, hata zikienda chini nusu mita, hakimzuii mchimbaji wa aina hii. Kinachomzuia ni sakafu. Wekeni sakafu ya fito zilizobanana au wavu mgumu wa plastiki, au mtumie masanduku yenye matundu madogo yaliyoinuliwa juu ya tope au yanayoelea. Yanagharimu zaidi, na huo ndio ugumu wake. Kama fedha ni chache, anzeni na masanduku machache ya kuwahamishia wale wanaokaribia kujivua tu, kisha wakikomaa gamba warudi kizimbani.

Kuliwa, analiwa. Ni mwenye miba mingi midogo na wengi hawamthamini, lakini nyama yake haina ubaya akiwa ametoka maji yasiyo na uchafu wa mji. Jihadhari na damu mbichi. Damu ya mikunga wengi ina protini za sumu zinazowasha macho na vidonda, nazo huharibika kwa moto. Mparuze ute kwa majivu au chumvi, mtoe matumbo, osha damu yote, umpike aive hadi ndani. Kuhusu halali yake muulize shehe wenu, ila unaweza kumweleza bila wasiwasi kwamba ana matamvua na mapezi na anaishi majini maisha yake yote. Kumfuga msahau kwa sasa. Mtoto wake huanza maisha baharini akiwa bapa, angavu, umbo la jani, akielea na mikondo kabla ya kugeuka kijimkunga na kutafuta tope, na hatua hiyo huwezi kuiendesha bwawani.

Ukitaka uhakika wa aina, mpige picha tatu yule mwingine atakayefukuliwa, kisha mwachie. Ya kwanza ubavu wa kichwa, kipezi cha kifuani kikionekana na pezi la mgongo likiwa limeinuliwa kwa kijiti. Pezi hilo likianza nyuma ya kipezi cha kifuani ni *boro*; likianza juu yake ni *cancrivorus*. Ya pili ncha ya mkia kwa karibu. Ya tatu mwili mzima kando ya rula au jembe. Mpelekee afisa uvuvi wenu, au TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania), au Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, ukitaja mahali, siku na kama yalikuwa maji ya bamvua au mafu. Lakini leo, kwanza kidole.